Basi la shule liliniacha kwenye mawe mekundu ya Turkana

Habari zenu wakuu. Miaka yote humu nasoma tu, leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Haya nimeyatoa kwenye diary yangu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni wa Tororo lakini nasoma boarding Busia, upande wa Kenya. Form Three. Siongei sana.

Muhula uliopita tulienda trip ya Geography Turkana.

Mwalimu wetu hahesabu vichwa, anahesabu jozi. Mnashikana mikono wawili wawili, anapita. Sasa darasa letu ni watu thelathini na tisa, kwa hiyo mmoja anabaki. Huyo ni mimi. Niliongezwa kwa Nabwire na Akinyi, marafiki tangu Form One.

Wakuu, ile sehemu! Mawe mekundu kama matofali yaliyotoka tanuruni, yamesimama kama kuta. Hakuna mti. Kwetu mwamba wa Tororo una mji chini yake, unasikia boda boda, unasikia treni. Huku unasikia pumzi yako tu.

Nikakaa nyuma ya jiwe kuandika. Kusema kweli, nilitaka mtu aje anitafute.

Nikasikia injini.

Kuchungulia, basi linageuza. Jozi kumi na tisa zilikuwa zimetimia bila mimi.

Hapa mtanicheka. Sikupiga kelele. Niliinua mkono, kama darasani. Vumbi likatulia, mkono bado uko juu.

Maji nusu chupa. Simu haturuhusiwi. Niliogopa giza, lakini zaidi niliogopa kwamba watafika Lodwar, watakula, watalala, na hakuna atakayeuliza.

Jua lilikuwa limeanza kushuka basi liliporudi. Wa kwanza kutoka hakuwa mwalimu wala Nabwire. Alikuwa Mama Jikoni, mpishi wa shule tuliyesafiri naye, Msamia wa Busia ya Uganda, ameshika chapati kwenye karatasi.

"Wewe mtoto! Mimi napika chapati thelathini na tisa, nagawa kwa basi, moja nabaki. Nauliza hii ya nani, kila mtu nanyamaza!"

"Ni yangu, mama."

"Kwa nini hukuita?"

"Niliinua mkono."

"Mkono! Nani atakuona hapa, mawe?" Akacheka, halafu akaacha ghafla. "Kula."

Niliila imepoa, nimesimama palepale.

Mwalimu aliomba radhi mbele ya wote. Nabwire akasema, "Tulidhani uko nyuma." Sikumkasirikia. Huwa nakaa nyuma.

Nilichojifunza: siku hizi tukihesabiwa nataja jina langu. Sauti inatetemeka, lakini nataja. Na Jumamosi naenda jikoni kusukuma chapati na Mama. Zangu hazitoki duara, ananitania mpaka basi.

Wewe uliyewahi kusahauliwa mahali, nani aligundua hupo? Andikeni hapa chini. Sijui kama nitaweza kujibu, ila nitasoma zote.