Kibali cha Kuukata Mwarobaini

Amani ilipotiwa saini nilirudi Juba kutoka Kenya, nikakikuta kiwanja changu cha mtaa wa Juba na Bari mahali pake, na mwarobaini alioupanda baba ungali umesimama karibu na njia. Chini yake alikaa mama muuza chai. Alikaa hapo miaka yote ya vita. Askari walipomuuliza kiwanja ni cha nani, aliwajibu kwamba ni cha mumewe, amekwenda sokoni, anarudi sasa hivi. Ndivyo kilivyosalimika.

“Huko sokoni ulikawia, mume wangu wa kiwanja,” aliniambia siku ya kwanza, akinimiminia chai ya tangawizi. Nilipoipuliza, akawageukia wateja wake. “Mtazameni! Tai ya Nairobi, midomo ya mtoto mchanga.” Tulicheka sote.

Baadaye Wakenya waliofanya kazi katika hoteli za mtaa wa Hai Amarat wakawa wanahangaika kutafuta vyumba vya kupanga. Nikataka kujenga vyumba, na mti ulisimama pale pale nilipotaka msingi. Mti mkubwa, hata ukiwa ndani ya ua wako, haukuruhusiwa kukatwa bila kibali cha serikali. Ilibidi kwanza afisa aje kuutazama, na desturi yao ilikuwa kuja saa sita mchana, ili wanaokaa kivulini waulizwe. Aliyepata riziki chini ya mti akikataa, kibali hakikutoka.

Nilijua mama muuza chai angekataa. Nilimwomba afisa aje alfajiri, nikamdanganya kwamba nina safari. Kabla hajafika niliyachukua mawe matatu ya jiko la yule mama, nikayaficha nyuma ya choo.

“Mzee, hapa hakai mtu?” afisa aliuliza.

“Wapita njia tu.”

“Na majivu haya?”

“Hao hao.”

Akatia sahihi pale pale. Vijana wa shoka walikuwa wanangoja langoni.

Mama alifika na beseni la vikombe kichwani, akawakuta juu ya matawi. Hakupiga kelele. Aliomba kukiona kibali. Hakujua kusoma; alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza nyuma na mbele.

“Mimi nimeandikwa wapi?”

“Hukuwepo alipokuja.”

“Alikuja saa ngapi?”

Tawi la kwanza lilianguka nyuma yetu.

“Basi nipe mawe yangu.”

Ningeweza kusema siyajui. Miguu ikanipeleka moja kwa moja nyuma ya choo. Niliporudi nimeyakumbatia, masizi yamenijaa kifuani, nilimwona usoni kwamba ameelewa. Mawili aliyatia kwenye beseni. La tatu halikuenea.

“Asante, mzee,” alisema, akaondoka.

Vyumba vilijengwa. Wapangaji walilalamikia joto. Lile jiwe lilikaa pembeni ya ukuta mpaka mvua zikapita, nami kila nikisikia vikombe vikigongana njiani nilichungulia. Hakuwa yeye. Mwishowe nikalibeba hadi mtaa wa Nyakuron, nilikosikia anauza chai ubavuni mwa duka. Nilimkuta anatumia jiko la bati.

“Weka hapo, mzee.”

Nikaliweka. Akanipa chai, nikainywa nimesimama juani, maana kivuli cha paa la duka kilikuwa chembamba na wateja walikuwa wamekijaza. Niliipuliza. Hakuna aliyecheka.