Mkate wa Kulala

Juzi mjukuu wangu anayekaa Pioneer, mtaa wa Eldoret, alinifungulia friji yake akanionyesha bakuli la kioo. Ndani vipande vya mkate vimelala kwenye mayai na maziwa, vitunguu juu, soseji zimekatwakatwa kando. "Shosho," akasema, "hiki unatengeneza jioni, asubuhi unatia tu kwa oveni. Mtu akiwa na haraka ya kazi kinamwokoa." Alikuwa amefurahi kweli. Nikamwambia funga friji. Akaniuliza kwani amefanya nini. Hakuna alichofanya, maskini. Ni mimi. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado nikiona mkate umelowa mayai damu inanipanda mpaka masikioni.

Wacha niseme kwa nini, maana watoto hawa wananiona mzee wa hasira za bure.

Mkate huo niliupika mama yake akiwa bado mtoto. Nilikuwa mpishi wa mzungu, kwenye shamba la mahindi na ng'ombe upande wa kule kunakoitwa Ziwa, mwendo wa kutwa kwa mkokoteni kutoka Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo. Mume wangu alinileta huko kutoka Murang'a, akaendesha trekta miaka sita, akafa kwa kifua, akaniacha na watoto wanne ndani ya nyumba ya wafanyakazi ambayo hata mlango wake haukuwa wetu.

Memsabu, mke wa mzungu, ndiye aliyenifundisha. Unachukua mkate wa jana, ule mkavu, unaupanga kwenye trei ya bati. Unakaanga vitunguu, unatia viazi vilivyochemshwa na nyama iliyobaki. Unapiga mayai na maziwa, chumvi, pilipili manga, unamwagia juu mpaka mkate ufunikwe. Halafu kitambaa kibichi, na trei inaingia kwenye kabati la makaa. Kabati hilo lilikuwa na kuta mbili za waya, katikati makaa, na kazi yako ni kuyamwagia maji ili ndani kukae baridi. Asubuhi unawasha stovu ya kuni, unatia trei, chakula kinapanda na kuiva chenyewe. Sisi watu wa shamba tuliuita mkate wa kulala.

Memsabu alipenda kusema chakula hicho kinampa mpishi nafasi asubuhi. Nafasi! Siku niliyopata nafasi ndiyo siku niliyopewa mapazia ya kufua.

Kisha Uhuru ukaja, na baada ya miaka michache mzungu akauza akaenda. Shamba likanunuliwa na chama chetu, watu wengi tukichanga pamoja. Nami nilikuwa na hisa yangu. Sikupewa na mtu. Niliinunua kwa mshahara wa jikoni na mbuzi wa mwisho wa marehemu, na jina langu likaandikwa kwenye daftari la karani. Nataka hilo lisikike vizuri, kwa sababu wanaume wale walilisahau haraka sana.

Mwenyekiti alihamia nyumba ya mzungu, akaifanya ofisi. Alikuwa na koti refu na maneno matamu. Alinikuta jikoni, nikifuta stovu, na nafikiri kichwani mwake nilikuja pamoja na stovu. "Mama," akaniambia, "wanakamati na sevea wanatoka mapema kupima mashamba tutakayogawana. Tusaidie na kile chakula cha wazungu. Hii ni mambo yetu sisi wote." Sikukataa. Kila mwanachama alikuwa na zamu, huyu ua, yule mfereji, na yangu ikawa jikoni. Tena mzee mmoja alikuwa amekataa zamu ya ua, wakamfuta kwenye daftari mbele ya macho yetu. Kwa hiyo kila jioni nilipanga mikate yangu nikailaza, na asubuhi wanaume wakala mpaka wakalamba vidole, wakaenda shambani na kamba zao.

Basi ikafika siku ya kugawana ng'ombe wa mzungu.

Mpango ulikuwa hivi. Karani anasoma jina, mwenye jina anajibu "Niko," anatia mkono ndani ya kofia na kuchomoa karatasi yenye nambari ya ng'ombe wake. Asiyekuwepo jina lake likisomwa, anangoja apewe kitakachobaki. Mimi nilijipanga mapema. Nililaza trei mbili jioni, alfajiri nikawasha stovu, nikatia, nikavua aproni nikaenda kusimama na wenzangu uwanjani. Hiyo ndiyo maana ya chakula cha kulala, au sivyo?

Mwenyekiti akaniona. "Mama, hebu kaangalie kisiungue." Nikaenda, hakijaungua. Nikarudi. "Mama, na chai je? Wazee wamekauka koo." Nikaenda tena. Maji yachemke, maziwa yachemke, majani, sukari. Nilipotoka na birika mkononi nikasikia karani akisoma majina mengine, langu limeshapita kitambo.

Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mitano, alikuwa pale. Jina langu liliposomwa alisimama akasema, "Mama yuko jikoni, anawapikia nyinyi." Wakacheka. Mzee mmoja kibogoyo akacheka mpaka akakohoa, akasema msichana hawezi kujibia mtu. Na dakika chache kabla, kijana wa mwenyekiti alikuwa amemjibia baba yake mdogo aliyekuwa Nakuru, na wote wakasema sawa, chomoa. Nilipolalamika, mwenyekiti akanishika bega kwa upole, akasema, "Mama, wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo." Wahenga! Ni yeye aliyenituma!

Sasa hayo mabaki. Nilidhani ni ng'ombe watakaosalia kwenye kofia. Wapi! Wabovu walikuwa wametengwa tangu jana yake, wamefungwa nyuma ya dipu la kuogeshea mifugo, wakingoja watakaokosekana. Mimi nilipewa mmoja mwekundu mwenye chuchu tatu zilizokufa. Nikarudi jikoni, nikatoa mkate kwenye oveni, nikaupakua. Naona aibu kuandika hilo. Walikula mbele yangu, na mwenyekiti akasema leo chumvi imekolea.

Nililia, lakini ilikuwa hasira tupu. Nilikuwa nimejikasirikia mimi zaidi ya wao.

Jioni hiyo mama mmoja Mnandi wa boma la jirani, aliyezoea kutuletea maziwa, alipita akamkagua yule ng'ombe. Akamminya chuchu, akatikisa kichwa. "Huyu ni wa kuangalia tu," akasema. Kisha akaniuliza kura ya mashamba ni lini.

"Wiki ijayo."

"Na watakula?"

"Watakula."

"Na ni wewe utapika?"

Mama yule akajifunga shuka yake vizuri, akaniambia, "Wee mama, si hicho chakula kinalala? Basi kiache kilale. Wewe simama." Akaenda zake.

Kesho yake, nikiwapakulia wanakamati, niliona ramani ya sevea imekunjuliwa mezani. Vipande vya kule chini kwa kinamasi vilikuwa vimezungushiwa kalamu nyekundu. Kila mtu alipajua kule. Ng'ombe alizama mpaka tumboni, mahindi yaligeuka manjano kabla hayajafika magotini, na nyumba ukijenga unaamka na vyura chini ya kitanda. Nikamuuliza karani, kijana mwenye adabu kidogo, hivi vyekundu ni vya nani. Akajibu bila kuinua macho, "Ni vya watakaokosekana."

Ngai wangu! Kwa hiyo walihitaji watu wakosekane. Hawangekosekana wenyewe, ilibidi watumwe mahali. Nikamtilia mwenyekiti chai, mkono umetulia kabisa, na moyoni nikamwambia kwamba mimi kule sitalala hata nikifa.

Jioni ya kuamkia kura nilipanga mikate yangu kama kawaida. Trei mbili, mayai tele, vitunguu vya kutosha, hata nikawatilia nyama nzuri. Nilitaka mtu asije akasema nilikataa zamu. Nikaifunika, nikamwagia makaa maji, nikafunga kabati.

Asubuhi sikwenda jikoni. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya huko inayouma meno. Niligeuza debe uwanjani, mbele kabisa, karibu na meza ya karani, nikaketi na binti yangu kando. Watu wakaanza kufika, wengine wametembea tangu gizani kutoka Chepsaita, tumbo tupu, kwa sababu habari za mkate wangu zilikuwa zimeenea na hakuna aliyejisumbua kunywa uji kwake. Wakawa wanachungulia mlango wa jikoni wakifuata harufu, na harufu hakuna.

Mwenyekiti akatoka. "Mama, chakula kiko wapi?"

"Kiko tayari. Kimebaki moto tu."

"Basi nenda uwashe."

"Jina langu kwanza."

Akatabasamu, akatazama watu kama mtu anayetuliza mtoto wa wengine. "Mama, wazee wana njaa. Nenda, jina lako tutalifikia, mimi mwenyewe nitakuita."

"Jina langu kwanza."

Mtu nyuma akasema mwanamke huyu amepandwa na kiburi. Mwingine akasema ndiyo taabu ya kuwapa wanawake hisa. Nilisikia yote. Mwenyekiti akaacha kutabasamu. Akasema sasa, kama ni hivyo, kura haitaanza mpaka wazee wamekula, tuone nani atachoka. Nikamwambia mimi nimeketi. Kweli nilikuwa nimeketi, na debe langu lilikuwa imara.

Tukakaa. Hakuna aliyejitolea kwenda kuwasha ile stovu, wanaume zaidi ya mia moja na hakuna! Ukungu ukainuka, jua likatoka, matumbo yakaanza kunguruma mpaka yakasikika. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, watatufuta." Nikamwambia wakitufuta watatufuta nikiwa nimeketi hapa.

Aliyechoka kwanza ni yule kibogoyo, yule yule aliyemcheka binti yangu. Alisimama na fimbo yake, akapaza sauti. "Mwenyekiti, mwenye njaa hana miiko! Msomee huyu mama jina lake twende tukale!" Na wengine wakadakia, msomee, msomee, si jina tu, linakula nini? Ikawa kelele uwanja mzima. Mwenyekiti akamtazama karani, karani akatazama daftari. Jina langu lilikuwa katikati ya ukurasa wa tatu. Akalisoma la kwanza kabla ya wote.

"Niko!" Nilipiga ukelele mpaka kunguru wakaruka juu ya paa.

Nikatia mkono ndani ya kofia ikiwa bado imejaa. Karatasi niliyochomoa ilikuwa ya kipande cha juu, penye miti ya miwati, udongo mwekundu, maji si mbali. Karani akaandika kwa wino, akapiga muhuri, nikaikunja nikaitia kifuani. Hakuna aliyenipongeza. Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia jikoni.

"Haya mama," mwenyekiti akasema, "sasa wahi."

Nikamwambia, "Kiberiti kiko dirishani."

Nikamshika binti yangu mkono tukaenda kuona shamba letu. Tulisimama kwenye miwati tukitazama nyumba ya mzungu kule chini, na bomba la stovu halikutoa moshi mpaka jua lilipokuwa utosini. Nilirudi jioni kuchukua trei zangu. Moja walikuwa wameiunguza ikawa nyeusi. Ya pili ilikuwa bado mbichi, na kwenye kona kulikuwa na alama ya kijiko. Mtu alikuwa ameonja mayai mabichi.

Vile vipande vyekundu vilipata wenyewe. Kimoja alipewa mzee aliyetumwa alfajiri hiyo kuchunga ng'ombe wa chama. Nilimwona akienda, na nilijua kwa nini anatumwa, na sikufungua mdomo. Hilo pia limo ndani ya hasira yangu, msidhani kosa ni la mwenyekiti peke yake. Wajukuu wa mzee huyo mpaka leo wanachimba mitaro kila masika.

Watu husema nilishinda, kwamba nilipata haki yangu. Haki gani? Hakuna hata mmoja uwanjani pale aliyesema mwanachama huyu asomewe jina lake kwa kuwa ni mwanachama. Siku ile wanaume wale wangekuwa wamekunywa hata kikombe cha uji kwao kabla ya kuja, leo mimi ningekuwa nakaa kwenye matope.