Sahani ya Maua Mekundu

Sahani ile nilianza kuichukia siku ya nne. Ilikuwa ya bati jeupe, ina maua mekundu ukingoni, na kila jioni ililetwa kwangu peke yangu, imefunikwa: ugali wa muhogo, samaki mukeke mzima wa mawese, na kijiko pembeni, utadhani nimekuja kukagua nyumba. Wenyewe walikaa mkekani uani, wakala kwa mkono kutoka sinia moja, wakichekana. Mimi niko kitini barazani na heshima yangu.

Nilikwenda Rumonge kutafuta Kifaransa. Shangazi yangu, anayeuza dagaa sokoni Kigoma, alikuwa na mwenzake wa biashara upande wa pili wa mpaka: mama mjane, Mwislamu wa mjini pale, mwenye chanja za kuanikia ndagala karibu na ziwa. Ndagala ndio hao hao dagaa wetu. Binti wa yule mama ni mwalimu wa Kifaransa. Wakapatana kwa simu, mimi nikaambiwa tu nifungashe. Nitapewa chumba, chakula na somo kila jioni. Nami nitafanya kazi ya ndagala. Mshahara hakuna.

"Tutamutazama mpaka mvua ianze," yule mama alimwambia shangazi. "Kisha tutaona."

Hilo "tutaona" lilininyima raha, maana mimi pale nilikuwa nimeshapapenda kupita kiasi. Nilipenda alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake bado zinawaka, na akina mama wakiingia majini mpaka magotini na mabeseni, kila mmoja akidai ndiye aliyetangulia. Nilipenda kuulizwa "Amahoro?", yaani kama ni amani, na watu wasionijua. Nilipenda hata harufu, na mimi ni mtu wa Singida, nchi ya mtama na alizeti, ambako samaki hufika akiwa amekauka na amekwisha kusahau maji. Kazi ilikuwa kutandaza ndagala juu ya nyavu za chanja, kuwageuza jua likipanda, na kugombana na kunguru. Kunguru wa Rumonge hawana adabu hata kidogo. Nilikuwa nikiwatukana kwa Kinyaturu, na majirani wakawa wanakuja kusikiliza.

Binti naye alinifundisha huku tunafanya kazi. Neno la beseni, neno la jua, neno la mvivu. Hilo la mwisho alilirudia sana. Tatizo ni kwamba niliweza kusema, lakini wakianza kuzungumza wao kwa wao, Kifaransa chao kilinipita kama basi lisilosimama.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya sahani. Nilimwuliza siku moja kwa nini nisikae mkekani nao.

"Mama anakuheshimu," akasema. Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Ule mugeni aliyekuja mbele yako alikula mu sahani ile mpaka siku ya kupanda basi. Mama alimupa na kifuko cha ndagala cha kupeleka kwao."

Basi nikaelewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe mimi nilipewa siku ya pili, wala sikulalamika. Lakini kijiko hawakukiondoa, na mwenye kijiko ni mtu wa kuagwa. Nikaongeza bidii. Nikifagia uwanja, mama anashukuru, "Murakoze, mugeni wetu." Nikibeba beseni zito, "Pole, mugeni wetu, pumuzika." Nilitamani anigombeze japo mara moja, kama alivyomgombeza binti yake kutwa kucha.

Mvua ya kwanza ilinikuta mama na binti wamekwenda Minago kwenye harusi. Nilibaki na chanja zote, ndagala wamekauka nusu tu. Mawingu yakatokea juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, yakaja mbio. Mimi nikafurahi. Nikasema leo ndiyo siku yangu, nitawaonyesha. Kwetu mvua ikikaribia hatuna maswali: mtama unasombwa, unarundikwa pamoja, unafunikwa turubai, unakandamizwa kwa mawe pembezoni usiingiwe hata na tone. Ndivyo nilivyofanya. Jirani mmoja alipita anakimbia na ndagala wake kuelekea ndani, akanipungia mkono na kupiga kelele kitu, na mimi nikampungia kwa furaha. Kisha nikaketi barazani na chai yangu, nikiangalia mvua inavyopiga turubai bila kupita. Nilijiona mtu wa maana sana.

Walirudi jua limetoka tena, kali, saa za alasiri. Mama akauliza ndagala wako wapi. Nikamwonyesha rundo langu kwa mkono wote. Akainua turubai, na mvuke ukatoka, na ile harufu ikafika hadi barabarani, maana mwendesha baiskeli mmoja alisimama.

Mama akaliachia turubai. Halafu akaanza.

"Weye mutoto, iko na akili kweli? Ndagala mubichi unaifunika kama nani, kama maiti? Inatandazwa mu nyumba, chini, mu kila chumba, hata chini ya kitanda, ipate hewa! Macho iko nayo ya nini? Hukuona jirani wanafanya nini? Na usisimame pale kama muti, leta beseni!"

Tulichambua mpaka magharibi, waliooza huku, wa kuokolewa kule, naye hakunyamaza hata pumzi moja. Jirani akaegemea ua, akauliza kama kwetu samaki huvunwa shambani. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu: mvua imeanza, ndagala nimewaharibu, basi la kesho linaondoka asubuhi. Niliingia chumbani, nikaanza kukunja kanga zangu.

Jioni nikachungulia barazani. Kiti kipo. Sahani haipo. Nikasema basi, hata chakula cha kuagwa sikupewa.

"Unangoja nini?" Mama aliita kutoka mkekani. "Nawa, chakula inapoa."

Binti alikuwa amesogea, pakawa na nafasi. Sinia lilijaa ndagala walewale waliookolewa, wamekaangwa kwa mawese. Mama akanisogezea fungu kubwa kwa vidole vyake.

"Kula, mutoto yangu. Ulizifunika weye, tutazimaliza wote."

Nikakaa. Nikala kwa mkono. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kiwiko nikasema ni pilipili.

Binti akamgeukia mama yake, akamwambia jambo kwa Kifaransa, haraka haraka, kama walivyozoea. Alisema leo hakuna aliyetia pilipili. Nami nilielewa neno kwa neno.