Siku Tuliyomhamisha Kuku wa Diepsloot

Garini tulikuwa watano. Mimi nilikaa mbele. Usukani ulishikwa na rafiki yangu Mkenya, mjane mwenzangu, tunayepakana naye ukuta hapa Observatory. Alifanya kazi benki mpaka akastaafu, na gari ni lake. Nyuma alikuwapo mdogo wangu wa tumbo moja, anayekaa Doornfontein, na mume wake, shemeji yangu, ambaye siku za kazi ni fundi cherehani na siku zote ni mchungaji. Wa tano ni binti wa marehemu kaka yangu, mwenye spaza, kile kiduka chake cha mikate na mafuta kule Diepsloot. Wa sita hakuwa garini, ila safari ilikuwa yake: mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, miaka kumi na mitatu, anacheza besiboli. Majina yao ninayo yote, pamoja na ya ubatizo na ya baba zao, lakini mjukuu amenikataza kuyaandika. Basi undugu utatosha.

Mama yake ni mlinzi, na Jumamosi yuko zamu. Kwa hiyo mtoto huenda mechi na basi la timu, hurudi na basi la timu. Jumatatu moja akaniambia kwa Kiingereza chake, nami nikaelewa kila neno, hata hilo Gogo lao, yaani bibi: "Gogo, unajua majina ya watu waliokufa kabla mama hajazaliwa, lakini mimi hujaniona nikicheza hata siku moja. Wenzangu wote wana watu wao."

Nikamwapia kwamba Jumamosi nitakuwapo. Mechi ilikuwa saa nane mchana, mbele ya Diepsloot, upande wa kwenda Pretoria.

Kosa lilikuwa langu: niliwapigia simu ndugu kwamba tutapita. Sisi watu wa Bukavu, ukipita karibu na mlango wa ndugu bila kuingia, umemhesabu kati ya wafu. Na ukishaingia hutoki upendavyo. Unaomba njia, na mwenye nyumba ndiye anayekupa. Mwenye adabu atakunyima mara mbili. Akikupa mara ya kwanza, ujue amekuchoka.

Saa nne asubuhi tulikuwa Doornfontein, mbele ya sambaza, wale samaki wadogo wa kwetu, za kukaanga na chai ya maziwa. Rafiki yangu akatazama saa. Nami nikasema, "Shemeji, tunaomba njia."

"Njia gani? Chai haijapoa! Mnatafutwa na polisi?"

Rafiki yangu akaninong'oneza, "Dada, si tuseme tu tumechelewa?"

"Ukisema hivyo ataongeza sahani, usije ukachelewa na njaa."

Mara ya tatu tukapewa njia, lakini kwanza sala. Shemeji aliombea gari gurudumu kwa gurudumu. Aliombea roboti zote, hizo taa za barabarani, ziwake kijani. Alifika Pretoria kwa maombi sisi bado tumefumba macho sebuleni. Baada ya amina akavaa koti. "Na sisi twaja. Huko mtaombewa na nani?"

Diepsloot tulifika saa sita na nusu. Binti wa kaka yangu alikuwa amechinja kuku, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa bado jikoni.

"Haijaiva, shangazi. Kaeni."

Tukakaa. Saa saba na nusu nikaomba njia. "Shangazi, kuku amekufa kwa ajili yako, unamwachaje?" Saa nane kasoro nikaomba tena. Alikuwa ndiyo kwanza anasonga bugali, na mwiko hakuuacha. "Hata mikono hamjanawa!"

Nikaona moyoni jinsi mjukuu wangu anavyogeuka kutazama benchi, na benchi halina mtu. Nikasimama. "Mtoto wa kaka, njia siombi tena. Nakuomba wewe. Funga duka, beba sufuria, twende."

Mdogo wangu akaziba mdomo. Tangu tuzaliwe hatujasikia mgeni akimhamisha mwenyeji na chakula chake.

"Shangazi," akasema, "umeshakuwa mzungu?" Lakini alikuwa tayari anafunika sufuria. Shemeji akaipakata mapajani mpaka uwanjani, akilalamika kwamba kuku anamchoma kuliko mahubiri.

Tulifika saa tisa kasoro. Tukakaa kwenye benchi la kwanza lenye nafasi, tukafunua sufuria, tukawagawia na majirani, kwa sababu huwezi kula peke yako watu wakikutazama. Walikuwa watu wema, wamevaa bluu wote.

Mjukuu wangu akatoka na gongo lake la kupigia, jezi nyekundu, suruali ina vumbi magotini. Nikashika mkono wa rafiki yangu. Mpira wa kwanza alipiga hewa. Wa pili aligusa, ukaruka nyuma. Wa tatu, paa! Ukapanda juu, juu sana, na huko mbali mtoto mmoja akakimbia, akajirusha, akaudaka. Sijaona uzuri kama ule. Nikapiga vigelegele, mdogo wangu akapiga, binti wa kaka akacheza na mfuniko wa sufuria. Wenye bluu nao wakaruka pamoja nasi. Mama mmoja akanikumbatia, midomo yake ina sombe.

Rafiki yangu peke yake alikuwa ameficha uso kwenye mkoba. "Dada," akasema, "mpira ukidakwa hivyo, mpigaji ametolewa. Na hawa ni wapinzani wake."

Mechi ilipokwisha mtoto akaja, mikono kifuani. "Gogo, mmekaa na maadui. Mmenishangilia nilipotolewa! Mmeona nini basi?"

Nikamwambia nilichoona. Kwamba alipangusa kiganja cha kulia kwenye suruali mara mbili. Kwamba mpira wa kwanza alipiga hewa, na wa pili ukaenda nyuma. Kwamba alianza kukimbia kabla hajajua wa tatu umekwenda wapi, na hakuacha kukimbia hata ulipodakwa.

Akanisikiliza. Mikono ikashuka. "Wa pili haukwenda nyuma, Gogo. Ulikwenda pembeni."

"Pembeni," nikasema.

Akajibana katikati yetu, akauliza kama paja la kuku limebaki. Lilikuwapo, shemeji alikuwa akililinda.

Basi nimeandika nilivyoona, na jicho langu moja lina ukungu. Shemeji anadai sala yake ilikuwa ya dakika tano, hilo msimuunge mkono. Lakini wewe uliyekuwapo uwanjani siku ile, kama ulimwona akipangusa kiganja cha kushoto, au kama mpira wa pili ulikwenda kwingine, niambie nirekebishe. Mtoto hunitaka nimsimulie kila Jumapili, na hataki nikosee hata kidogo.