Nilisema Iko Rose

Kuna neno moja ambalo mtu akilitamka mbele yangu namdharau papo hapo, hata kama ni padri. Neno lenyewe ni kujikaza. Katika Lubumbashi yetu, mwenye gari humwambia asiye na viatu ajikaze. Aliyesomea Ulaya humwambia mtoto wa Kasungami, mtaa wetu wa pembezoni, ajikaze. Na mtoto wa Kasungami, kwa kuwa amelelewa vizuri, huinamisha kichwa na kumwitikia kama baba yake, "Ndiyo, papa." Mimi pia niliitika hivyo kwa miaka mingi.

Kujikaza nilikujua. Mama yangu alilima lengalenga kando ya kijito, na kabla kengele ya shule haijalia mimi nilikuwa nimekwisha kumwagilia matuta, nimefunga mafungu ya mboga, nimenawa miguu na kushika njia na daftari kwapani. Sisemi haya ili nihurumiwe. Huruma ya watu wa mji huu naijua, haijawahi kumnunulia mtu hata kalamu. Nasema ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba sikufanya kazi.

Shuleni nilichagua kemia. Eti nilichagua. Hatukuwa na chupa moja ya dawa, wala mizani, wala kitu chochote cha kioo isipokuwa madirisha mawili ya ofisi ya prefe, mkuu wa shule. Tulikuwa na ubao na mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa mtu mwema, na alikuwa na kipande cha chaki ya rangi ya waridi alichokiviringisha katika karatasi na kukitia mfukoni ili kisiibwe. Siku ya somo la asidi na besi alichora bureti, lile bomba refu la kioo lenye robine ya kufungulia na kufungia chini, akachora chupa chini yake, kisha akatoa kile kipande na kuipaka chupa rangi.

"Mayi ikigeuka rose," alisema, "munafunga robine, munaandika."

Nasi tulikariri darasa zima: maji yakigeuka rose, yaani rangi ya waridi, tunafunga, tunaandika. Aliyeandika rangi nyingine kwenye mtihani alipata sifuri. Mimi sikupata sifuri hata siku moja. Miaka miwili mfululizo nilikuwa wa kwanza, na prefe alinisimamisha mbele ya shule nzima, eti watoto waangalie mtu anayejikaza. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mwaka niliomaliza, kampuni moja ya migodi ilitangaza nafasi. Ilikuwa nafasi moja tu, kwa msichana mmoja, kusomea uhandisi wa kemia chuo kikuu mpaka mwisho bila familia kutoa chochote. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha kukubaliana nyumbani kwamba ningekwenda Mitwaba kwa mjomba, nikasimame katika duka lake la chumvi na sabuni, kwa sababu chuo kikuu hatukukiweza. Nilipompelekea mama habari shambani, aliegemea jembe akafikiri.

"Ukipata ile, hauende Mitwaba," aliniambia. "Ukikosa, unaenda."

Hakusema kwa ukali. Alisema vile anavyosema kama mvua itanyesha au haitanyesha, kisha akaendelea kulima.

Siku ya mtihani wa kuandika tulijaa ukumbi hadi wengine wakaandikia magotini. Walipobandika majina, langu lilikuwa juu kabisa. La pili lilikuwa la binti wa shule moja ya Karavia, shule yenye bustani na mlinzi anayevaa tai. Wengine wote walirudishwa nyumbani, tukabaki sisi wawili, na mbele yetu likabaki jaribio la mikono. Kwa kuwa shule yetu haikuwa na mahali pa kulifanyia, jaribio lilipangwa kufanyika katika labo ya shule yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Mhandisi aliyetumwa na kampuni, bwana mwenye kitambi na saa nzito mkononi, alitueleza kwamba masharti ni sawa kwa wote: meza ileile, vyombo vilevile, dakika zilezile. Alilisema hilo akijipiga kifua, kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua haki. Sijawahi kuona tena upumbavu uliovaa vizuri namna ile.

Binti wa Karavia aliingia kwanza, akatoka upesi. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya bureti. Kitu hicho nilikuwa nimekichora tangu nikiwa mdogo, ningeweza kukichora nimefumba macho, lakini sikujua kwamba kioo chake ni chembamba kiasi kile. Sikujua robine inafunguka upande gani, kwa sababu ubaoni robine haina upande. Niliigusa, ikakwama. Nikaizungusha kwa nguvu za mkono uliozoea jembe, na dawa ikashuka yote. Nilipotazama chini, maji ya chupani, ambayo mwanzoni yalikuwa ya manjano, yalikuwa bluu. Yalikuwa bluu kabisa, kama sketi yangu ya shule.

Nikachukua kalamu nikaandika: rose.

Nieleweke. Sikuwa kipofu, na ile bluu niliiona. Lakini mtu aliyesoma kama tulivyosoma sisi, akiona kitu kimoja na daftari likasema kingine, anajua mapema nani mwenye kosa. Kwetu aliyeyaamini macho yake alipata sifuri. Nilijiambia labda ni mwanga wa dirishani, labda dawa za matajiri hukawia, rose itakuja tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba dawa za kuonyesha mgeuko ziko nyingi, kwamba moja huleta rangi ya waridi na nyingine huleta bluu. Hayo niliyajua baadaye sana, nilipokuwa siyahitaji tena.

Mhandisi alisoma karatasi yangu. Akaiinua chupa akaileta karibu na uso wangu.

"Mademoiselle, hii mayi iko rangi gani?"

"Rose, papa."

"Angalia muzuri."

Niliangalia vizuri. Ilikuwa bluu. "Iko rose, papa," nilisema.

Mabwana wawili walioketi nyuma yake walicheka, mmoja hadi akatoa leso kufuta machozi. Mhandisi mwenyewe hakucheka. Yeye alisikitika, na kusikitika kwake kuliniuma kuliko kicheko cha wenzake. "Huyu anakariri tu," aliwaambia, nami nimesimama palepale. "Hajikaze kuelewa." Nilitamani kumtemea mate, nikasema asante.

Nje, kwenye baraza, binti wa Karavia alikuwa ameketi anachezea simu. Alinisogezea nafasi, akanigawia biskuti.

"Ile robine ilikukwamia?" aliniuliza. "Inakwamaka. Siye bote tunajua. Unaisukuma kwanza ndani kidogo, njo unageuza." Akatafuna kidogo, kisha akasema, "Miye hata sipendake chimie. Ni papa njo anataka."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na robine tu, tangu kidato cha kwanza, na mtu wa kumwambia namna ya kuisukuma. Niliila ile biskuti yake, na ilikuwa tamu.

Matokeo yalitangazwa kwa sherehe, palepale shuleni kwake, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Mama hakuja, alikuwa na mboga za kuuza. Mwalimu wangu alikuja, akaketi safu ya nyuma karibu nami. Jina lililosomwa halikuwa langu. Watu walipiga makofi, binti akapanda jukwaani akikokota miguu, na mhandisi akashika maikrofoni. Alisema watoto wawili walipewa meza moja, na kilichowatenganisha ni kujikaza tu. Halafu, bila kutaja jina, akasimulia habari ya mwanafunzi aliyeona bluu akasema rose. Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu wangu, ambaye hakuwa ameambiwa chochote, aligeuka akaniangalia usoni, akaelewa.

Hotuba ile ilirekodiwa. Mpaka leo inazunguka katika simu za watu, na mwaka jana jamaa yangu mmoja alinitumia bila kujua kwamba anayesimuliwa ni mimi, ameandika chini yake "Courage", yaani jikaze kwa Kifaransa. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. Kila mara nawaza jambo moja: ningempata yule bwana, ningemchorea jembe ubaoni. Akariri mpini uko wapi, akariri bapa liko wapi, na aliimbe miaka sita. Kisha nimpeleke kwenye matuta ya mama yangu asubuhi moja ya kiangazi, nimpe dakika zilezile, na mama akae pembeni na leso ya kufutia machozi. Ningependa sana kumwambia ajikaze.

Mama hakunigombeza. Alikunja nguo zangu akazipanga katika mfuko, akamwomba jirani mwenye lori la kwenda Mitwaba aniwekee nafasi juu ya magunia. Siku moja kabla ya safari, saa za alasiri, mwalimu alifika nyumbani. Nilidhani amekuja kuniomba msamaha, au kunilaumu kwa kumwaibisha, na nilikuwa tayari kumdharau kwa lolote kati ya hayo. Aliketi kwenye kigoda, akakataa bukari, ugali wetu, akatoa daftari lake la matayarisho ya masomo.

"Ni kweli ilikuwa bluu?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Miye mwenyewe sijaionaka," alisema. "Hata ile rose. Na miye nilifundishwa ku tableau." Ubaoni, kama sisi.

Alifungua ukurasa mpya. Alisema anataka kuwaandikia watoto wa mwaka ujao, wasije wakakamatwa kama mimi. Akaniomba nimweleze polepole: je, bluu ilikuja tone kwa tone, au ilikuja kwa mara moja? Kati ya manjano na bluu, palipita rangi nyingine? Kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Katika Kasungami nzima, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimewahi kusimama mbele ya bureti.

"Sijui, mwalimu," nilimwambia. "Sikuangalia. Nilikuwa nakariri."