Mawese Yanapoanza Kuganda

Jambo lote lilikula mapipa matano ya mawese, vitambaa vitatu vya kuchujia na wiki mbili za usingizi wangu. Nimehesabu mara mbili. Kwa elimu niliyoipata, bei haikuwa mbaya, hasa kwa kuwa mapipa hayakuwa yangu.

Siku ya kwanza kazini niliwekwa getini, katika kiwanda kidogo cha mafuta upande wa Bangwe. Cheo changu kiliitwa mpokeaji. Wakulima wa Simbo walileta mawese, mimi nayapima, nayanusa, nawaambia yana maji. Wanabisha, tunapatana. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mawese sokoni Kasingirima, kwa hiyo kubishana sikufundishwa na kiwanda.

Kazi yenyewe ilikuwa ndani, kwenye tangi la kupozea. Mawese si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mepesi ya kukaangia na mafuta mazito ya kutengenezea sabuni. Ukiyapasha mpaka nyuzi sabini, yote yanayeyuka. Yakipoa, mazito hushikana yakawa fuwele, yaani punje ngumu zilizojipanga, nawe unazichuja. Shida ni kuanza. Mafuta yanaweza kupoa kupita kiwango chake cha kuganda na bado yakakaa majimaji, kama muuzaji na mnunuzi ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutaja bei.

Mhandisi wetu, kijana msomi aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alitaka yaanze upesi. Akafungulia maji ya ziwa kwa nguvu kwenye mabomba yanayozunguka tangi. Yakaanza kweli, tena yote kwa mpigo. Fuwele zikawa nyingi mno, ndogo kama vumbi, zikaziba kitambaa cha chujio. Tulichopata ni uji. Siku ya tatu ya uji niliacha geti nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mhandisi, tangi lako unaliosha kupita kiasi."

"Usafi nao umekuwa kosa?"

"Sokoni pipa hatulioshi likang'aa. Tunaacha utando wa mafuta mazito chini, ndiyo mbegu. Mafuta mapya yakiikuta yanapata pa kushika. Mbegu chache, punje kubwa. Punje kubwa haizibi kitambaa."

"Mama, hapa si Kasingirima."

"Mafuta hayajui kama yamehamia kiwandani."

Meneja, mzee wa Ujiji asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma yetu. "Unataka nini?"

"Matangi matatu, niyapoze kwa mkono wangu."

"Moja."

"Moja ni bahati nasibu, meneja. Mawili."

"Mawili. La pili likiwa uji, hata getini hutarudi. Nafasi yako ina watu wanaoiomba."

Nilikubali, huku nyumbani nina watoto wawili wa sekondari.

Tangi la kwanza nililipoza taratibu, kikorogeo kikizunguka polepole. Nilipima ukutani mwa tangi: nyuzi thelathini na nne. Nikapima tena: zilezile. Nikatia bakuli la mafuta mazito yaliyokwaruzwa. Nikasubiri saa nne. Mafuta yakabaki mekundu, yametulia. Nikaingiwa na hofu, nikafungulia maji. Uji.

Mhandisi hakunicheka. "Kipimajoto ulikiweka wapi?"

"Ukutani."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Palepale?"

Hapo nikaona kosa langu. Ukutani ndiko kuliko na maji baridi. Katikati mafuta yalikuwa bado yamepita arobaini, na mbegu yangu iliyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Nilikuwa nimehesabu kitu kimoja mara mbili.

Tangi la pili nilipima ukutani na katikati, nikangoja mpaka pote pakasema thelathini na nne. Ndipo nikatia mbegu. Baadaye kipimajoto kikapanda kidogo, ilhali maji baridi yanapita. Fundi wa boila akasema, "Mama, kimekufa hicho." Mhandisi akatikisa kichwa: mafuta yakishikana hutoa joto. Yalikuwa yameanza. Tulipochuja, mepesi yalishuka safi, na juu ya kitambaa zikabaki punje kama chenga za mchele. Meneja alizisugua kwa vidole.

"Sasa getini atakaa nani?"

"Yeyote kati ya wale wanaoiomba," nikasema. "Ila mshahara wa tangini si wa getini."

"Hilo tutapatana," akasema, na hapo nilijua nimebaki.

Tangi hilo nimelishika mpaka nilipostaafu, na uji mwingine haukutokea mikononi mwangu. Sisemi kwa majivuno, waliokuwepo waulizwe. Lakini Simbo sasa wamepanda miche ya michikichi ya aina mpya, imeanza kuzaa, na mafuta yake ni mepesi zaidi. Mchanganyiko umebadilika, na namba yangu haitoshi. Zaituni, binti niliyemwachia tangi, ameshuka mpaka thelathini na mbegu bado inazama bila kushikwa. Nimemwambia asifungulie maji kwa nguvu, lakini zaidi ya hapo sina la kumwambia, na meneja wa sasa amempa mpaka Ijumaa. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umewahi kupoza mafuta ya miche hiyo, niambie: ulitia mbegu yakiwa nyuzi ngapi?