Nesi wa Bodi ya Mwamba

Penye ofisi ya taasisi ya kulinda miamba ya bahari, pale Pangani, palitundikwa bango lenye picha za wajumbe wa bodi ya ushauri, na chini ya kila picha kazi aliyotoka nayo mtu. Manase, mwenyekiti, bwana misitu mstaafu, mzaliwa wa Lushoto. Ruthi, aliyezeekea benki. Mhadhiri mmoja wa viumbe vya bahari. Mwalimu mmoja wa madrasa. Na mwisho kabisa, pembeni, mama mwenye mtandio mweupe, asiyecheka hata mbele ya kamera: Semeni Hafidh, muuguzi mstaafu.

"Nesi tena?" wapita njia waliulizana. "Kwani papa nao siku hizi wanadungwa sindano?"

Bi Semeni alikutana na mzaha huo sokoni, dukani, hata arusini. Hakuujibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ndiyo iliyomfunza hivyo.

Baba yake alivuka kutoka Pemba, karafuu zilipoacha kumlipa, akaja kufanya biashara ya nazi Pangani. Hakuwa na elimu ila alimtaka binti yake awe nayo, akamsomesha hadi akawa muuguzi. Tangu ujana mpaka kustaafu, Semeni alifanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda. Waliletwa kwake wakata mkonge waliojikata, watoto waliomwagikiwa uji, wavuvi waliochomwa na miiba ya samaki taa. Kisha zikaja zama za kuvua kwa baruti, pwani hii ilipokuwa ikiamshwa na milipuko kama inavyoamshwa na jogoo. Wataalamu waliijua baruti kwa matumbawe iliyoyasaga. Askari waliijua kwa mlio wake. Bi Semeni aliijua kwa nyama ya binadamu, maana utambi ukiwa mfupi, mkono hauwahi kurusha. Ndiyo sababu waanzilishi wa taasisi walimwita. Walitaka mezani pao mtu mmoja ambaye akisikia neno "madhara" hafikirii samaki peke yao.

Katika chumba kile alijifunza uso. Mgonjwa anayeogopa kuangalia kidonda chake humwangalia nesi usoni, asome humo kama atapona au atakatwa. Kwa hiyo nesi mwema huwa na uso usiosema kitu. Alijifunza pia kwamba mgonjwa, maumivu yakizidi, husema mambo ambayo hata mkewe hajapata kuyasikia. Maneno hayo ni amana. Siku hizi watu hupiga picha majeruhi wakairusha kwenye simu kabla damu haijakauka, wakaita huko ni kutoa habari. Bi Semeni aliita kwa jina lake: khiyana.

Basi mwaka ule mjumbe mmoja alifariki, kiti kikabaki wazi, na jina lililopendekezwa likawa la Mbarouk.

Pangani nzima ilimjua Mbarouk. Alikuwa na ghala la barafu, maboti, na mdomo mtamu. Kila futari ya Ramadhani mkono wake ulionekana. Kwenye maelezo yake aliandikiwa: mfanyabiashara wa samaki na mlinzi wa bahari kwa maisha yake yote. Wajumbe walimpenda. Bodi ndiyo iliyoshauri mwamba upi ufungwe, upi ufunguliwe, na boti ya doria ipite wapi; nao waliona kheri wapate mtu mwenye sauti kwa wavuvi.

Bi Semeni alimpigia simu Manase. "Mwenyekiti, huyu mimi simtaki."

"Sababu?"

"Siisemi."

"Aa, Semeni! Nyie Wapemba bwana. Wewe nesi au kaburi?"

"Vyote viwili."

Manase alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, bodi haiwezi kumkataa mtu kwa sababu umenuna. Nipe neno moja tu nilishike."

Neno alikuwa nalo. Miaka zaidi ya kumi nyuma, Mbarouk alimleta zahanati mpwa wake Idarusi, mkono wa kulia haupo kuanzia juu kidogo ya kifundo. "Mtungi wa gesi," alisema Mbarouk, na ndivyo ilivyoandikwa. Idarusi alifungwa kidonda wiki baada ya wiki, naye hakukubali kukitazama. Alimkodolea macho nesi. Siku moja Semeni akamwambia, "Usinitazame mimi, baba. Huu uso hauna kitu. Tazama mkono wako." Kijana akautazama. Alilia kilio kikubwa, na katika kilio hicho akasema: baruti alipewa na mjomba, utambi ulikatwa na mjomba, na aliyekuwa akiwatuma vijana baharini siku zote ni mjomba. Halafu akamshika mtandio. "Bi Nesi, usimwambie mtu. Wallahi."

Hakumwambia mtu. Wapo watakaosema alikosea, kwamba bahari ni ya wote na mkono ni wa mmoja. Hao hawajapata kushikwa mtandio na mtu anayevuja damu. Lakini tusijidanganye pia: siri ile ilimlinda mwenye jeraha, na ilimlinda aliyejeruhi. Sasa aliyejeruhi alitaka aketi mezani na kupanga njia ya boti ya doria. Na juzi tu, upande wa kusini, baruti ilikuwa imesikika tena.

Njia ya haki ilikuwa moja. Bi Semeni alikwenda kumwona mwenye siri.

Idarusi, sasa mtu mzima wa makamo ya kuoa lakini hajaoa, alikuwa mlinzi wa ghala la barafu la mjomba wake, analala humo humo kwenye kijichumba cha nyuma. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu, mkono mmoja umekunjwa ukabanwa kwa pini.

"Shikamoo Bi Nesi."

"Marahaba baba. Nimekuja kuomba kitu chako." Akamweleza yote bila kuzunguka. "Ukinifungua nitasema. Usiponifungua, nitanyamaza."

Idarusi alichora chini kwa kidole cha mguu muda mrefu. "Mimi nakula kwake, Bi Nesi. Nalala kwake. Nikifukuzwa hapa nani anamtaka mlinzi wa mkono mmoja?"

"Basi hujanifungua."

"Sijakufungua. Unisamehe."

"Huna la kusamehewa," alisema, akaenda zake. Usingizi hakuupata mpaka adhana ya alfajiri.

Mkutano wa kumpokea mjumbe ulipangwa Mkwaja, kusini mwa mto, mbele ya wavuvi. Asubuhi ya siku hiyo Bi Semeni alipanda pantoni kuvuka mto kwenda Bweni, na kabla haijafika katikati akasikia harufu ya udi. Mbarouk alikuwa ameshuka garini mwake, amevaa kanzu mpya, amesimama karibu mno.

"Bi Semeni! Mbona umenikunjia uso kama shubiri? Sisi nyumbani kwetu kumoja. Wapemba hujuana kwa vilemba."

"Ndiyo maana nakujua."

Mbarouk alitazama nyuma. Watu walikuwa mbali, wameshughulika na pikipiki zao. Akashusha sauti. "Najua Idarusi alikuropokea. Tangu zamani najua. Na najua umemfuata juzi. Lakini wewe mtu wa dini, na umekula kiapo cha uuguzi. Ukifungua mdomo leo, hakuna mgonjwa wa pwani hii atakayekuamini tena, wala hao manesi wadogo uliowafundisha. Au naongopa?"

Hakuwa anaongopa, na hilo ndilo lililomuuma.

"Halafu," Mbarouk alitabasamu, "unajua leo nani mdhamini wangu? Idarusi. Watu wakimwona kilema niliyemlea, nani atauliza zaidi? Wewe utakaa, utasikiliza, utaitikia kwa kichwa. Haya, pantoni imefika. Utapanda gari langu?"

"Nitakwenda kwa pikipiki," alisema Bi Semeni.

Hapa lazima nieleze jambo la mdhamini. Waanzilishi wa bodi ile waliliazima kwenye posa. Mjumbe mpya hajisemei, kama bwana arusi asivyojiposea. Mtu wa nyumbani kwake husimama, hueleza kazi zake, kisha humaliza kwa maneno mawili: nimemjua, nimemridhia. Akiyasema, mjumbe amepokewa. Asipoyasema, mambo yameisha hapo, na kama posa iliyokataliwa, hakuna anayeruhusiwa kuuliza sababu. Tangu bodi ianze, hapajatokea mdhamini aliyeshindwa kuyasema. Wengi waliyachukua kama bismillahi ya kufungulia chakula.

Mkwaja walikutana katika banda la wavuvi. Wajumbe walipewa viti, wavuvi wakakaa kwenye magogo na vyavu. Mbarouk alikaa mbele, kanzu inameta. Idarusi nyuma yake.

Manase alifungua kikao, akataniana na watu wa Mkwaja kidogo juu ya uchoyo wao wa samaki. Mzee mmoja akamrudishia: "Na nyie wa milimani mkila samaki mnamenya maganda kama viazi!" Watu wakaangua kicheko. Kisha Manase akauliza swali la desturi: "Kabla mdhamini hajasimama, kuna mwenye neno?"

Hakuwatazama wavuvi. Alimtazama Semeni.

Kicheko kilikatika. Ruthi aligeuka, na mhadhiri naye. Mbarouk hakugeuka, alishika ndevu zake tu, akasubiri. Bi Semeni alihisi neno limefika kwenye meno. Aliwaona wavuvi wale, na nyuma yao maji ya bahari, na akakumbuka mlio wa juzi. Kusema kulikuwa kwepesi, na watu wangemshangilia. Jambo jepesi lenye kushangiliwa, alijifunza zamani kuliogopa.

"Sina neno," alisema.

Manase alishusha pumzi kwa hasira. "Haya. Mdhamini."

Idarusi alisimama. Maneno alikuwa amefundishwa, yalitoka mfululizo kama ya mtoto anayesoma shairi. Mjomba wake anaitwa Mbarouk. Ana ghala la barafu na maboti. Anasaidia wajane. Hajapata kushitakiwa. "Na mimi amenilea tangu nilipo... tangu nilipopata ulemavu."

"Pole sana baba," alisema Ruthi kwa moyo mweupe kabisa. "Uliumia na nini?"

Mbarouk ndiye aliyejibu. "Mwambie mama. Mwambie ilivyokuwa."

"Mtungi," alisema Idarusi. "Mtungi wa..."

Macho yake yalihama, yakapita kwa mwenyekiti, yakapita kwa mjomba, yakatua kwa Bi Semeni. Alimkodolea kama zamani kwenye chumba kile cha vidonda, akitafuta usoni mwake amri, au ruhusa, au hata lawama. Watu wote wakafuata macho yale. Bi Semeni alijua kwamba akiinua unyusi mmoja, amesema. Akiitikia kwa kichwa, amesema. Uso aliuacha mtupu, kama alivyouacha mtupu maisha yake yote, akamwachia mwenyewe.

Sijui Idarusi alikumbuka nini. Aliinamisha kichwa, akautazama mkono wake. Akaifungua ile pini, polepole, kwa vidole vya kushoto, akapandisha mkono wa shati mpaka kovu likaonekana lote, lenye mashimo na madoa meusi yaliyoingia nyamani. Wavuvi wa Mkwaja walilitazama. Wale si watu wa kufundishwa tofauti ya kovu la gesi na kovu jingine. Mzee aliyekuwa akitania viazi aliacha mdomo wazi.

"Nimemjua," alisema Idarusi.

Akasubiriwa. Mawimbi yalisikika nje.

"Nimemjua," alirudia, akakaa.

"Malizia!" Mbarouk alimgeukia. "Malizia maneno, mjinga wewe!"

"Nimemaliza, mjomba."

Mbarouk alisimama, akamnyooshea kidole Bi Semeni. "Ni huyu! Huyu amemlisha maneno!"

"Bwana Mbarouk," alisema Manase, naye sasa alikuwa amesimama, "kila mtu hapa alimwona mama huyu. Hajafungua mdomo." Sauti yake ilikwaruza. "Mambo yameisha. Na sababu haiulizwi. Tuendelee na mwamba wa kusini."

Mbarouk alitoka, kanzu ikanasa kwenye wavu, akaivuta ikachanika. Gari lake liliondoka na vumbi, kiti cha nyuma hakina mtu.

Mkutano uliendelea. Walishauri boti ya doria ipite kusini, na njia yake safari hii wakakubaliana isitajwe nje ya wajumbe. Ruthi alikuwa akifuta macho, maana alikuwa ameelewa alichouliza. Walipotoka, Manase alimsogelea Bi Semeni.

"Ulinitesa, mama. Kama angeyamalizia yale maneno, je?"

"Angepokewa."

"Na wewe?"

"Ningejiuzulu, nikanyamaza."

Manase alitikisa kichwa.

Idarusi alikuwa amesimama kando ya banda, shati bado limepandishwa. Bi Semeni alimwendea, akalishusha lile shati na kulibana pini vizuri, kama anavyomaliza kazi.

"Sasa nitalala wapi, Bi Nesi?"

"Kwangu kuna chumba cha uani. Kina kunguni wachache."

Jioni wakarudi pamoja kwa pantoni.

Asubuhi, Bi Semeni alipofungua mlango, alilikuta godoro la Idarusi limetupwa barazani kwake, limelowa maji ya barafu, limechanwa upande mmoja. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanauliza kuna nini. Alilishika upande mmoja, Idarusi akalishika upande wa pili kwa mkono wake mmoja na kifua, wakaliinua na kulianika juani.